Ugonjwa wa Kudumu, Posho ya Muda

Mtoto aliyezaliwa na kromosomu ya ziada hataipoteza akifikisha miaka kumi. Kongosho iliyokoma kutengeneza insulini haianzi tena kazi kwa sababu mwaka wa fedha umegeuka, na ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa hauponi kwa kupita kwa miaka. Hakuna daktari anayebishia haya. Hata hivyo nchini Uingereza posho ya serikali kwa watoto wenye maradhi ya aina hii mara nyingi hutolewa ikiwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo inapokaribia mzazi hutakiwa kuanza upya kuieleza serikali kwamba mtoto wake anahitaji kuangaliwa. Nasema utaratibu huo umepinduka. Ugonjwa unapokuwa wa kudumu, anayepaswa kuthibitisha kwamba mambo yamebadilika ni serikali, na malipo yaendelee mpaka ithibitishe.

Posho yenyewe huitwa kwa kifupi DLA. Ilianza Aprili 1992. Kwa watu wazima wenye umri wa kufanya kazi ilianza kuondolewa mwaka 2013 na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine iitwayo PIP, lakini kwa watoto wa chini ya miaka 16 wa England na Wales bado ni ile ile. Haitazami kipato cha familia wala haikatwi kodi. Ina sehemu mbili, ya malezi na ya kutembea. Katika mwaka wa fedha 2025/26 sehemu ya malezi hulipa pauni 29.20, 73.90 au 110.40 kwa wiki, kulingana na ukubwa wa mahitaji, na sehemu ya kutembea hulipa pauni 29.20 au 77.05. Kipimo si jina la ugonjwa. Kinachoulizwa ni kama mtoto huyu anahitaji kusaidiwa na kuangaliwa zaidi sana kuliko mtoto wa umri wake asiye na maradhi, kama hali hiyo imekuwapo kwa miezi mitatu, na kama inatarajiwa kuendelea kwa miezi sita mingine.

Kipimo hicho ni cha haki, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kwa kinachotokea muda wa malipo unapokwisha. Wizara ya Kazi na Pensheni humtumia mzazi fomu nyingine, yenye takriban kurasa 40, inayouliza karibu yale yale aliyokwisha kuyajibu miaka michache nyuma. Haiulizi ni nini kimebadilika tangu mara ya mwisho. Inauliza kila kitu upya: mtoto anaamkaje, anavaaje, anakulaje, anaendaje chooni, anatembea umbali gani kabla ya kuchoka au kuumia, anaamka mara ngapi usiku na kila mara kwa dakika ngapi. Afisa anayeisoma anaweza kupandisha malipo, kuyashusha au kuyafuta. Na fomu isiporudishwa, siku ikifika malipo hukatika yenyewe, bila mtu yeyote ofisini kuamua kwamba mtoto amepata nafuu.

Ili kuona uzito wa maswali hayo, tuchukue moja tu, lile la usiku, na mtoto mmoja wa mfano, wa miaka minane, mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kifaa kidogo kilichobandikwa mkononi mwake hupima sukari mfululizo na kupeleka namba kwenye simu ya mzazi. Saa nane usiku simu inalia: sukari imeshuka chini ya 4, kiwango ambacho kwa vipimo vya Uingereza ni cha hatari. Mzazi anaamka, anamwinua mtoto aliyelala fofofo, anamnywesha juisi kidogo kidogo asije akapaliwa. Kisha anakaa ukingoni mwa kitanda robo saa nzima, kwa sababu sukari haipandi papo hapo, ndipo anapima tena. Ikiwa bado iko chini, anarudia. Ikipanda, lazima afikirie kama itapitiliza kabla ya alfajiri na kama dozi ya asubuhi itabadilika. Kwa mwongozo wanaoutumia maafisa, msaada wa usiku huhesabika ukichukua dakika 20 au zaidi, au ukitolewa mara mbili au zaidi. Kwa hiyo mzazi akiandika tu kwamba mtoto huamshwa anyweshwe juisi, ameandika ukweli na anaweza kunyimwa. Akiandika saa, dakika na idadi ya usiku kwa wiki, ameandika ukweli ule ule na anaweza kupata. Tofauti kati ya wazazi hao wawili haihusu mtoto hata kidogo. Ni tofauti ya nani anajua kujaza fomu.

Hapo ndipo kasoro ya kuanza upya inapoonekana waziwazi. Utaratibu unaomtaka mzazi athibitishe kila kitu kila baada ya miaka kadhaa hupima pia uwezo wake wa kuandika, Kiingereza chake, muda alionao, na kama jirani yake ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kwa familia zilizohamia kutoka Afrika Mashariki au Kongo, na ambazo hadhi yao ya ukaazi inawaruhusu kuomba mafao, jambo hili si dogo. Chukua selimundu, ugonjwa ambao watoto wa England hupimwa mara tu wanapozaliwa na ambao kwa sehemu kubwa huwapata wenye asili ya Afrika. Mtoto wa selimundu anaweza kucheza mpira Jumatatu na kulazwa kwa maumivu makali Jumatano. Katikati ya siku hizo mbili kuna kazi isiyoonekana: dawa ya kuzuia maambukizi asubuhi na jioni, maji ya kunywa kila mara, nguo za kuzuia baridi, kumtazama macho kama yamegeuka manjano, kupapasa tumbo kama bandama imevimba, kupima joto la mwili anapolalamika. Mzazi akijaza fomu kwa kueleza siku za maumivu peke yake, anaonekana kutia chumvi. Akieleza siku nzuri, anaonekana hana shida. Kilicho sahihi ni kueleza mchanganyiko wote, pamoja na ule ulinzi wa kila siku unaofanya siku nzuri ziwepo. Lakini hilo halimjii kirahisi mtu aliyelelewa kuamini kwamba kumhangaikia mtoto ni wajibu wa kawaida wa mzazi na si jambo la kuorodheshewa serikali.

Katika kuomba upya kuna jambo jingine linalowapiga chenga wazazi wengi, nalo ni umri. Kwa kuwa mtoto hulinganishwa na wenzake wa rika lake, kipimo husogea kila mwaka. Mtoto wa miaka miwili anayevaa nepi hana tofauti na wenzake, hivyo nepi zake hazihesabiki. Akiwa na miaka minane na bado anavaa, zinahesabika sana. Mtoto wa miaka minne kushikwa mkono barabarani ni kawaida, ila kijana wa miaka kumi na mbili mwenye usonji anayeweza kukimbilia katikati ya magari ana hitaji ambalo wenzake hawana. Maana yake ni kwamba kwa watoto wengi wenye ulemavu wa kudumu pengo huongezeka kadiri wanavyokua, hata kama ugonjwa wenyewe haujasogea hatua moja. Mzazi aliyenakili majibu ya miaka mitano iliyopita anamdhulumu mwanawe bila kujua. Na dhana iliyojificha ndani ya tarehe ya mwisho, kwamba muda ukipita hitaji huenda likapungua, mara nyingi ni kinyume cha yanayotokea.

Malipo yakikatika, hayakatiki peke yake. Mzazi anayemlea mtoto kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kupata posho ya mlezi, ambayo kwa 2025/26 ni pauni 83.30 kwa wiki, lakini ni pale tu mtoto anapolipwa kiwango cha kati au cha juu cha malezi. Nyongeza ya mtoto mwenye ulemavu katika mafao ya familia zenye kipato kidogo huning'inia kwenye DLA hiyo hiyo. Ukomo wa jumla wa mafao, ambao kwa familia zenye watoto ni pauni 25,323 kwa mwaka ndani ya London na pauni 22,020 nje yake, hauwagusi wenye mtoto anayelipwa DLA, ila huwarudia pindi inapokoma. Familia iliyopata gari kwa kutumia kiwango cha juu cha kutembea hutakiwa kulirudisha. Hivyo afisa anayeshusha kiwango kutoka cha kati hadi cha chini haondoi pauni 44.70 tu kwa wiki. Anaweza kuwa anaondoa pia posho ya mlezi, na nyumba ambayo jana ililipa kodi leo inadaiwa.

Mzazi asiyeridhika ana njia ya kudai. Kwanza huomba wizara iutazame upya uamuzi wake, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Ikikataa, hukata rufaa kwenye baraza huru lenye watu watatu, yaani jaji, daktari na mtu mwenye ujuzi wa masuala ya ulemavu. Zaidi ya nusu ya rufaa za posho hii zinazofika mbele ya baraza huishia kwa mzazi kushinda. Wapo wanaoitumia takwimu hiyo kusema kwamba mfumo unafanya kazi, kwa kuwa makosa yanasahihishwa. Mimi naisoma vingine. Baraza huwa linasikia habari za mtoto yule yule, mara nyingi kwa ushahidi ule ule, tofauti ikiwa kwamba mzazi amepata nafasi ya kuulizwa na kujibu kwa mdomo. Na wakati shauri linangoja miezi kadhaa, familia huwa inaishi kwa kiwango kilichoshushwa au bila kitu. Malimbikizo yakilipwa baadaye hayamrudishii mama kazi aliyolazimika kuiacha, wala hayafuti madeni yaliyokwisha kuingia.

Hoja nzito zaidi ya kupinga ninayoyasema ni kwamba watoto hubadilika. Ni kweli. Yupo anayepandikizwa uboho na selimundu ikaisha. Yupo aliyechelewa kusema na kutembea kisha akawafikia wenzake. Yupo kijana wa kisukari ambaye akifika sekondari anaanza kujihesabia wanga na insulini mwenyewe, na msaada anaouhitaji unageuka sura. Fedha za umma hazipaswi kulipwa milele kwa hitaji lililokwisha. Lakini hoja hiyo inatetea kukaguliwa, haitetei kuisha kwa malipo. Serikali inaweza kuuliza kila baada ya muda bila malipo kuning'inia kwenye jibu. Tena sehemu kubwa ya majibu inayo tayari. Hospitali za umma zina rekodi za kila miadi, kila dawa na kila kulazwa. Mtoto mwenye mpango maalumu wa elimu na afya chini ya sheria ya mwaka 2014 hupitiwa hali yake na halmashauri kila mwaka, kwa maandishi. Afisa akiomba karatasi hizo kwa ridhaa ya mzazi atajua mengi zaidi kuliko fomu iliyojazwa saa sita usiku na mtu mwenye usingizi.

Hoja ya pili ni ya udanganyifu. Inatajwa sana kwenye magazeti, kuliko inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mjadala wa kubana posho za ulemavu ulipopamba moto, makadirio ya wizara yenyewe yaliweka udanganyifu katika DLA kwenye karibu nusu ya asilimia moja ya fedha zilizolipwa. Mamia ya wazazi wakweli wanajaza kurasa 40 kwa ajili ya mdanganyifu mmoja, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mwongo hujaza fomu vibaya kuliko mkweli.

Marekani ilijifunza somo hili kwa maumivu. Sheria ya mwaka 1980 iliagiza wanaolipwa kwa sababu ya ulemavu wakaguliwe mara kwa mara, na kuanzia 1981 serikali ya Ronald Reagan ikaukaza ukaguzi huo kwa kasi. Mamia ya maelfu ya watu waliambiwa malipo yao yamekoma, wengi wao wakiwa hali yao ni ile ile ya siku walipokubaliwa. Kilichotofautiana ni afisa na macho yake. Mahakama zilifurika, majimbo kadhaa yakagoma kuendelea na kazi hiyo, na mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria mpya yenye kanuni rahisi, kwamba malipo hayawezi kusitishwa mpaka kuwe na ushahidi kwamba afya ya mtu imepata nafuu. Kanuni hiyo inawalinda hata watoto wanaolipwa chini ya mpango wa posho uitwao SSI, ambao hukaguliwa kwa vipindi. Na mzazi akikata rufaa upesi, ndani ya siku kumi tangu kupokea barua, anaweza kuomba malipo yaendelee huku shauri likisikilizwa. Mpango huo wa Marekani una ukali wake mwingine, hasa katika kuchungulia kipato cha familia, na mtoto akifikisha miaka 18 hupimwa upya kwa kigezo cha watu wazima bila ulinzi huo. Lakini katika swali la nani abebe mzigo wa kuthibitisha, sheria yao imelipatia jibu sahihi.

Jibu zuri zaidi liko ndani ya Uingereza yenyewe. Uskoti ilipopewa mamlaka juu ya mafao ya ulemavu ilitunga sheria mwaka 2018 inayotamka kwamba hifadhi ya jamii ni haki ya binadamu, na Novemba 2021 ikaanza kulipa kote nchini posho yake ya watoto badala ya DLA. Viwango vya fedha vinalingana na kipimo cha mahitaji kinafanana. Utaratibu ndio ulio tofauti. Malipo hayana siku ya kufa. Huwekwa muda wa kupitiwa, na muda huo ukifika malipo huendelea mpaka uamuzi mpya utolewe. Fomu ya mapitio huanza kwa kuuliza kama kuna kilichobadilika. Uamuzi ukimshushia mtoto kiwango na mzazi akaupinga, yupo msaada wa muda unaofidia pengo wakati wa mvutano, na haurudishwi hata mzazi akishindwa. Mtoto aliyeanza kulipwa kabla ya miaka 16 anaweza kubaki kwenye posho hiyo hadi afikishe 18.

England ikisema haiwezi kufanya hivyo, imekwisha kufanya. Machi 2020, korona ilipoingia, wizara ilisimamisha mapitio yote ya mafao ya ulemavu kwa miezi mitatu na kurefusha malipo yaliyokuwa yanakaribia kwisha. Tena tangu 2018 watu wazima wenye hali mbaya kabisa zisizotarajiwa kupungua wanaweza kupewa PIP isiyo na mwisho, inayotazamwa kijuujuu kila baada ya miaka kumi. Kama serikali imekubali kwamba mtu wa miaka 40 mwenye ulemavu mkubwa wa kudumu asisumbuliwe kwa muongo mzima, ni vigumu kuona kwa nini mtoto wa miaka saba mwenye ulemavu ule ule aambiwe athibitishe tena akiwa na kumi, kisha akifikisha 16 aanze ombi jipya kabisa la PIP, kwa kipimo cha alama, kana kwamba hajawahi kujulikana.

Swali hili halitabaki Ulaya na Marekani. Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazotunza watu wenye ulemavu mkubwa chini ya mpango wa Inua Jamii, na mipango ya namna hiyo ikikua itafuatiwa na swali la nani aendelee kulipwa na nani aondolewe. Wanaoitengeneza wangefanya vyema kuandika tangu mwanzo kwamba jina la mtoto halifutwi kwa kupita kwa tarehe.

Mpaka England ibadilike, familia zina kazi ya kujilinda. Kama una ndugu huko anayelea mtoto wa aina hii, mwulize tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua ya posho. Fomu isipofika miezi miwili au mitatu kabla ya siku hiyo, apige simu kuidai. Aandike daftari la wiki mbili, usiku na mchana, lenye saa na dakika. Aambatanishe barua za hospitali na ripoti za shule, amlinganishe mtoto na wenzake wa umri wake wa leo na si wa fomu ya zamani, na abaki na nakala ya kila ukurasa. Akijibiwa vibaya asikae kimya hata wiki tatu, kwa sababu mwezi mmoja wa kupinga huanza kuhesabiwa tangu tarehe iliyo juu ya barua, siyo siku alipoifungua.